Mbwa Aliyeelewa Kiswahili Ugenini

Wiki nzima nchi ya watu sikuwa nimekutana na kiumbe hata kimoja kinachoelewa Kiswahili, ukimtoa shemeji yangu, na shemeji yangu akiwa kazini haongei.

Siku ya nane nikampata.

Alikuwa mbwa.

Usicheke. Na mimi nilicheka, halafu nikaacha ghafla.

Ilikuwa saa sita mchana. Nimekaa kwenye ngazi za nje za kiwanda, mkononi nina mkate na yai la kuchemsha. Akaja. Jike, rangi ya kahawia, ana doti jeupe juu ya jicho moja. Mbavu zinahesabika. Mkanda hana, na pale shingoni ambapo mkanda ungekaa manyoya yametoka, ngozi imebaki tupu kama kiwiko.

Akasogea mpaka pua yake ikagusa yai langu.

Nikamwambia, kwa mazoea tu ya mdomo, "We! Kaa chini."

Akakaa.

Nikageuka nyuma, labda kuna mtu kampa ishara. Hakuna mtu.

"Lala."

Akalala.

"Njoo huku."

Akaja.

"Toka hapa."

Akanitazama kama mtu aliyefukuzwa kwenye sherehe, akainuka, akarudi nyuma hatua tatu.

Yai likanidondoka. Hilo alilila bila kuambiwa.

Ngoja nieleze tulifikaje huko. Kampuni yetu ya uchapaji ilinunua mtambo mkubwa wa kuchapa, wa mitumba, kutoka kiwanda kilichokuwa kinafungwa. Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye fundi mkuu. Mimi ni msaidizi wake, cheo nilichokipata baada ya dada kumwambia kwamba asiponichukua mimi, ajipikie mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kuufungua mtambo kipande kwa kipande. Kila kipande kinapigwa picha, kinafungwa kijikaratasi cha namba, kinaingia sandukuni, ili huku nyumbani tuunganishe tena. Rola ina namba. Gia ina namba. Mpaka nati ina bahasha yake. Shemeji akikuona umeshika nati isiyo na namba, anakutazama kama umemwingizia mkono mfukoni.

Tulipewa wiki tatu. Na wenyeji tulikuwa tunaongea lugha ya shule, ile tuliyochapiwa viboko kidato cha kwanza. Wao wanaijua kidogo, sisi tunaijua kidogo, tunakutana katikati kwa mikono.

Sasa rudi kwa mbwa. Nikaingia ndani mbio.

"Shemeji, njoo uone mbwa anayejua Kiswahili!"

"Glovu zako ziko wapi?"

"Shemeji, mbwa!"

"Nimesikia mbwa. Nauliza glovu."

Alipotoka nikampigisha mbwa gwaride lote. Kaa, lala, njoo. Shemeji akasimama na bisibisi yake, uso mkavu.

"Mwambie alete mkono."

"Lete mkono."

Mbwa akanyoosha mguu wa mbele, akauweka kwenye kiganja changu taratibu, kama bibi harusi anavalishwa pete.

Shemeji akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Dogo, huyu ametumwa."

"Na nani?"

"Ningemjua aliyemtuma ningekuwa bado nimesimama hapa?"

Na huyo ni mtu aliyesomea mitambo miaka minne.

Nikampa jina Shangazi. Alikuwa na ile tabia ya mashangazi wa upande wa bwana harusi: anakaa pembeni, anatazama kila mtu kuanzia viatuni, hasemi kitu, ila unajua umehukumiwa.

Kila siku saa sita yupo. Jioni anaondoka, sijui anakwenda wapi. Nami nikaanza kununua soseji za wawili.

Baada ya siku mbili moyo wangu ukawa umeshaamua. Hawezi kubaki. Baridi ya kule inakung'ata mpaka kwenye meno, mbwa mbavu nje, na sisi tuna siku kumi na moja tu tuondoke. Nikimwacha, nani tena atamwambia "njoo"?

Nikampigia dada.

"Dada, nimeokota mbwa. Nataka kuja naye."

"Wa huku wamekukosea nini?"

"Huyu anaelewa Kiswahili."

"Mpe mume wangu simu."

Nikampa. Akaweka sauti ya nje makusudi, ili nisikie.

"Baba, huyo mtoto anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Anakoroma kabisa."

"Basi ni kichwa tu. Mrudishe hivyo hivyo tutaona."

Lakini mimi nikishika jambo nimeshika. Nikatafuta kliniki ya wanyama. Ilikuwepo moja karibu na kiwanda, mtaa wa pili tu, lakini niliipita. Sikupenda jinsi mlinzi wake alivyonitazama. Nikachagua ya mbali, mabasi mawili, upande mwingine kabisa wa mji.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Akamkagua Shangazi meno, masikio, tumbo. Akapitisha kile kimashine cha kusoma namba ambayo mbwa wa kule hupandikizwa shingoni. Hakikulia.

"Unampa nini?" akauliza.

"Soseji."

"Acha soseji. Huyu ni mzee. Tumbo lake limejaa gesi."

Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama ukuta.

Daktari akanieleza utaratibu. Chanjo zitatolewa. Lakini ili mbwa avuke mpaka lazima nijaze fomu na kuapa kwamba hana mwenyewe. Kabla ya kuapa, tangazo lenye picha yake likae siku saba kwenye ubao wa kliniki, na lingine mahali nilipomkuta. Asipojitokeza mtu, daktari anapiga muhuri, mbwa ni wangu.

"Utaweka na kule ulikomkuta?"

"Ndiyo," nikasema, na la huko sikuliweka kamwe.

Na la pale ubaoni nilibandika mwenyewe. Daktari alipogeuka kunawa mikono, nikalisogeza nyuma ya bango la dawa ya viroboto.

Nilijiambia sidanganyi. Tangazo lipo ubaoni. Kama mtu anaishia kwenye dawa ya viroboto, hilo ni lake.

Siku iliyofuata ndipo mambo yakageuka.

Tulikuwa tunafungua paneli ya nyuma ya mtambo, ile iliyokaa karibu na ukuta, vumbi la miaka. Shemeji akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaishusha. Nikamulika tochi ndani.

Kulikuwa na maandishi ya penseli kwenye chuma.

*Kaza hapa taratibu.*

Chini yake: *Gia ya tatu inakwama ikipata joto. Usilazimishe.*

Kwa Kiswahili. Mwandiko mzuri kabisa, kama wa mwalimu.

Tulitazamana na shemeji.

"Kuna mwenzetu alifanya kazi hapa," nikanong'ona.

"Yapige picha, uandike namba," akasema. Hata akiogopa, shemeji anaandika namba.

Tukamwita msimamizi wa kiwanda. Huyu sisi tulimwita Bwana Hakuna, kwa sababu ukimuuliza spana, hakuna. Maji ya moto, hakuna. Ufunguo wa choo, hakuna.

Nikamuuliza kwa lugha ya shule, "Kuna mtu wa kwetu alifanya kazi hapa?"

"Hakuna."

Nikamwonyesha maandishi. Akayatazama. Rangi ya uso wake ikabadilika. Kisha akalamba kidole gumba, akaanza kuyafuta.

"Hakuna," akasema tena, akaondoka haraka kuliko siku zote.

Hapo kichwa changu kikawasha taa zote.

Fuata hesabu yangu. Mbwa anaelewa Kiswahili, kwa hiyo amefugwa na mtu wetu. Mtu wetu alifanya kazi kiwandani, penseli inasema. Msimamizi anakana na kufuta ushahidi. Mbwa anazurura hana mkanda, ana alama shingoni ya mtu aliyemvua kwa nguvu.

Sasa mtu wetu yuko wapi?

"Shemeji, wamemfanya kitu."

"Kilichotuleta hapa ni mtambo."

"Na Shangazi ni shahidi."

"Shahidi anayejamba. Shika spana."

Nikafungua daftari. Mshukiwa namba moja, Bwana Hakuna. Namba mbili, mlinzi wa ile kliniki ya karibu. Namba tatu akajileta mwenyewe kesho yake.

Alikuwa bibi mmoja. Skafu nyekundu, koti refu la kijivu, anasimama ng'ambo ya barabara akitazama geti letu. Mkono mmoja umeshika mkanda wa ngozi umekunjwa. Mkono wa pili umezama mfukoni, hautoki.

Aliponiona na Shangazi akapanua mdomo kama anataka kuita. Nikamshika Shangazi, nikaingia naye ndani mbio. Bibi akafika getini, nikasikia anabishana na Bwana Hakuna kwa lugha yao. Na Bwana Hakuna, unajua alimjibu nini. Hata bila kujua lugha yao nilimwelewa.

Jioni ile Shangazi hakuondoka. Sikumruhusu. Nikamfunika na koti langu, nikampeleka chumbani kwetu, juu ya duka la rangi.

"Mimi sijaona mbwa," akasema shemeji, amejigeuzia ukutani. "Nikiulizwa na yeyote, sijaona."

Asubuhi, matangazo.

Kwenye nguzo ya kona. Kwenye kioo cha kinyozi. Kwenye kituo cha basi. Picha ya Shangazi, doti lake jeupe, maandishi makubwa mekundu na namba ya simu.

Najua unachofikiri. Unafikiri mimi ni mjinga, sikujua maana ya tangazo la mbwa. Nilijua vizuri kabisa. Kuna watu wanamtafuta Shangazi.

Swali langu lilikuwa: wanamtafutia nini? Mtu mzuri gani anamtafuta mbwa, anasimama saa nne nzima ng'ambo ya barabara, mkono mfukoni? Shahidi anatafutwa, jamani.

Nikalichana la nguzo. Nikalichana la kituo. La kinyozi nilisubiri ainame kufagia. Siku nzima nilichana kumi na moja, nikayakunja mfukoni, najisikia shujaa.

Kesho yake yamerudi. Nikachana tena.

Mara moja bibi yule aliniona kituoni. Akavuka barabara bila kutazama magari, amenyoosha mkono. Nikarukia basi ambalo sijui hata lilikuwa linakwenda wapi. Nilishuka kwenye makaburi. Nikarudi kwa miguu.

Wakati huo Shangazi chumbani hana raha. Soseji ananusa, anaacha. Anakaa mlangoni, pua kwenye ule upenyo wa chini, anavuta hewa ya nje na kushusha pumzi ndefu kama mzazi anasubiri matokeo.

"Unaona anavyoogopa?" nikamwambia shemeji. "Anajua wapo nje."

Shemeji akamtazama Shangazi kwa muda.

"Dogo, mimi nimeishi na dada yako miaka sita. Anayeogopa nje hakai mlangoni. Anayekaa mlangoni anataka kutoka."

"Huelewi mbwa."

"Sawa. Lakini mlango nauelewa."

Sikumsikiliza. Zilikuwa zimebaki siku mbili muhuri upigwe. Siku mbili tu Shangazi awe wangu kihalali, tupande naye ndege, hadithi iishe.

Ila yule mwenzetu alikuwa ananinyima usingizi. Nitaondokaje na mbwa wake huku yeye mwenyewe labda yuko kwenye chumba fulani, amefungiwa, anasikia tu hatua za watu? Nikaapa kabla ya kuondoka nitajua alipo.

Jumamosi tunafanya kazi nusu siku. Bibi Skafu akaja kusimama kama kawaida. Saa tisa akachoka, akaondoka. Nikamfuata.

Nilimfuata kijasusi. Najificha nyuma ya gari, natoka, najificha nyuma ya pipa. Mtoto mmoja kwenye baiskeli akanifuata mimi, anacheka, mpaka nikamtolea macho.

Bibi hakwenda mbali. Mtaa wa nyuma tu, ukuta kwa ukuta na kiwanda chetu. Nyumba ya ghorofa nne, ngazi za saruji. Akapanda mpaka ya pili. Nikavua viatu, nikapanda nyuma yake kwa soksi.

Nikachungulia kwenye kona ya ngazi.

Mlango wake uko wazi. Mbele ya mlango kuna blanketi limekunjwa vizuri, na bakuli lenye chakula. Akaliweka bakuli sawa kwa ncha ya kiatu. Akashika chuma cha ngazi, akainama kuelekea chini, akaita:

"Njoo. Njoo ule."

Kwa Kiswahili.

Nywele ambazo sina zilisimama.

Anamwita nani? Nani yuko huko chini? Chakula, blanketi, mlangoni, kama mfungwa! Nikajikuta nimeruka ngazi zilizobaki, viatu mkononi.

"Mama! Shikamoo! Unajua Kiswahili!"

Akashtuka, akajishika kifua.

"Usijifanye hujui! Nimekusikia! Mwenzetu yuko wapi? Umemweka wapi?" Nikamnyooshea kidole, na kidole chenyewe kilikuwa ndani ya kiatu. "Najua kila kitu mimi! Mtoe sasa hivi!"

Akanitazama. Akatazama soksi zangu. Akainua kiganja.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

Haki ya Mungu nilikaa. Pale pale kwenye ngazi, magoti pamoja, viatu mapajani. Ile haikuwa sauti ya kubishana nayo. Ilikuwa sauti iliyozoea kutiiwa.

Akaingia ndani, akarudi na simu yenye vitufe vikubwa. Akabonyeza, akasikiliza, akasema maneno marefu kwa lugha yao. Halafu akaniletea sikioni.

"Haloo?" Sauti ya mwanamume. Kiswahili safi kama maji. "Wewe ndiye fundi wa mtambo?"

Nikageukia ukuta, nikapunguza sauti. "Kaka, usiogope. Wamekufungia wapi? Kama huwezi kuongea, kohoa mara mbili."

"Nifungiwe na nani, bwana mdogo? Niko nyumbani kwangu, nakunywa chai. Mke wangu huyu hapa ananitazama."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani nyumbani. Kwetu. Mwaka wa pili sasa."

"Ni wewe uliyeandika kwa penseli, ndani ya mtambo?"

"Ndiyo mimi. Gia ya tatu bado inakwama?"

"Inakwama."

"Nilijua tu."

"Sasa huyu msimamizi mbona anasema hukuwepo?"

"Alinificha kazini miaka mitano, sina kibali. Akikubali nilikuwepo, wa kwanza kwenda kujieleza ni yeye."

"Na huyu bibi? Kiswahili amejifunzia wapi?"

Akacheka. "Mama huyo hajui Kiswahili. Anajua cha mbwa tu. Nilipanga chumba chake cha nyuma. Kidoti nilimwokota hapo kiwandani, chini ya mabunda ya karatasi, ana ukubwa wa kiatu. Nikawa namfundisha jioni, mama yuko jikoni anasikiliza. Maneno yake hayazidi kumi na mawili, na yote ni amri."

Kidoti. Kwa hiyo Shangazi ana jina.

"Kaka, kwa nini ulimwacha?"

"Sikuondoka, niliondolewa. Kuna jirani aliita maofisa. Walinikutia kwenye hizo hizo ngazi ulizokaa. Nilipewa muda wa kuchukua begi tu. Mbwa hana karatasi, haruhusiwi. Mama akamshika, akaniambia nenda, huyu wangu sasa. Ndiye anayelala naye nyumba moja, hana mwingine. Mchana anamwachia atembee, mtaa mzima unamjua, jioni anarudi mwenyewe. Juzi juzi alianza kuchelewa. Nadhani alisikia watu wanaongea kama mimi."

Nikatazama bakuli pale mlangoni.

"Sasa siku ya nne hajarudi," akaendelea. "Mama anabandika matangazo, kuna mtu anachana. Kila siku anabandika, kila siku yanachanwa."

Mfukoni mwangu mlikuwa na sita.

"Duh," nikasema. "Watu wengine hawana utu."

"Bwana mdogo."

"Naam, kaka."

"Mama alikuona. La kwanza ulilichana chini ya dirisha lake."

Sikuwahi kuona saruji kwa makini kama nilivyoiona siku ile. Ina vijiwe vidogo vidogo, vingine vyeupe.

"Mbona hakuita polisi?"

"Nilimwambia aite. Mimi mwenyewe nilimwambia, tena kwa hasira. Akakataa. Alisema anakusikia ukutani kila mchana, unaongea na Kidoti maneno yangu. Kwamba waliokuja mara ya mwisho kwenye ngazi zake walimchukua mtu, hawapi wa pili. Atasimama pale getini mpaka umletee mwenyewe."

"Lakini mimi nina vibali!" Sauti ilinitoka kubwa. "Vyote! Vina mihuri!"

"Yeye angejuaje?"

Nikamrudishia bibi simu kwa mikono miwili.

Alikuwa amesimama vile vile, mkanda wa ngozi kwenye kiganja. Hakuwa na uso wa hasira, wala wa kunihurumia. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri siku zote ng'ambo ya barabara huku mimi namwandika kwenye daftari.

Nikashuka ngazi mbio. Viatu nilivikumbuka nikiwa nimefika duka la rangi.

Shemeji alikuwa kitandani anapanga bahasha za nati.

"Umempata mwenzetu?"

"Yupo nyumbani anakunywa chai."

"Na mwenye mbwa?"

Nilifungua mlango, nikaushika uwe wazi. Shangazi, yaani Kidoti, akanitazama mara moja, kisha akateremka kama maji. Ilibidi nikimbie kumfuata. Kila kona aliijua. Hakunusa, hakusita. Mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Bibi alisikia kucha zake kwenye saruji kabla hajamwona. Akakaa chini, magoti yakalia, akafungua mikono.

Sitakuelezea sana. Mbwa alilia kama mtu.

Bibi akampapasa mbavu moja moja. Akamfungua mdomo, akanusa, akanitazama. Soseji. Kisha ule mkono wa mfukoni ukatoka, umeshika kichupa cha dawa ya kupaka. Akampaka pale shingoni penye upele wa mkanda, taratibu. Mkanda ulimwunguza ngozi, ndiyo maana alimvua. Siku zote hizo alikuwa anatembea na dawa mfukoni, akimkuta tu ampake.

Nilitaka kuomba msamaha. Nikafungua mdomo, nikagundua sina neno. Lugha ya shule haielewi. Lugha yake sijui. Na katika yale maneno kumi na mawili ya Kiswahili aliyokuwa nayo, hakuna hata moja la kuombea msamaha. Mbwa haombwi msamaha.

Nikatoa matangazo yale sita mfukoni, nikayanyoosha kwenye goti, moja moja, nikampa.

Akayapokea. Akayahesabu kwa macho. Halafu akasema, kwa sauti ya chini:

"Nenda."

Mpaka leo sijui aliniruhusu au alinifukuza. Nilikwenda.

Jumatatu nilipanda mabasi mawili mpaka kliniki. Daktari alikuwa ameshatoa fomu, muhuri uko mezani.

"Hakuna aliyejitokeza," akasema. "Unaapa?"

"Mwenyewe yupo."

"Ameona tangazo?"

Nikaenda ubaoni, nikainua bango la dawa ya viroboto, nikalitoa tangazo langu mbele yake. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko daktari anavyotakiwa kumtazama mtu asiye mgonjwa. Akaichana fomu, akaita anayefuata.

Zile siku za mwisho mbwa hakuja kiwandani peke yake. Alikuja saa sita na bibi, wanasimama ng'ambo. Nami nilibaki upande wangu, sikumwita hata mara moja. Shemeji ndiye aliyewapungia mkono, yeye aliyekuwa hajaona mbwa.

Basi ndugu yangu unayesoma hapa, najua wengi mna huruma kama yangu. Unasafiri, unakuta mbwa mbavu nje, hana mkanda, moyo unayeyuka, unataka kumpakia. Sikukatazi. Wapo wanaohitaji kweli.

Lakini kabla hujamwita wako, usimvute. Mwachie atangulie, umfuate nyuma mtaa mmoja tu, uone anasimama kwenye mlango gani.